Plagi kwa injini iliyobanana: ufanye mwenyewe, upeleke jua kali, ama gereji ya lifti?

Kuna gari ambazo kubadilisha plagi (zile za kuwasha mafuta kwa cheche) si kazi ya kusumbua kichwa. Probox, Fielder, Premio ya injini ya 1NZ, unafungua boneti, koili nne (zile za kupeleka umeme kwa plagi) zimejipanga hapo juu, soketi inaingia wima na umemaliza. Kama hiyo ndio gari yako hauhitaji kusoma zaidi ya hapa, shika spana uanze. Mimi naongea na mwenye Forester ambayo plagi zimeangalia pembeni kwa chesisi, mwenye X-Trail ya T31 ambayo plagi zimelala chini ya manifodi ya hewa (yale mabomba ya kuingiza hewa kwa injini), na mwenye Harrier ya V6 (silinda sita) ambayo plagi tatu za nyuma zimejificha kati ya injini na ule ukuta wa dashibodi. Hizi gari ziko kila mahali huku kwetu, Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega mpaka Bungoma, na swali ni lile lile: nijaribu mwenyewe hapa nyumbani, nipelekee fundi wa jua kali, ama nilipe gereji yenye lifti ya kuinua gari?

Sitakwambia moja ndio bora kwa kila mtu juu haiko. Lakini kuna jambo moja ukilishika mapema uamuzi unakuwa rahisi: kwa injini iliyobanana pesa na shida kubwa haiko kwa plagi yenyewe, iko kwa njia ya kuifikia. Kwa hivyo usianze na bei ya plagi, anza na kujiuliza nani ana mikono, vifaa na muda wa kuifikia hiyo njia bila kuharibu kitu kando kando.

Tutapima na nini

Nimechagua vigezo vitano na njia zote tatu zitapimwa na hivyo hivyo. Pesa, na si ya leo tu, hata ile ya vifaa na ya kurudia kazi. Muda. Vifaa na nafasi ya kufanyia. Hatari ya kuharibu injini. Na mwisho, kama utajua kwa uhakika ni plagi gani imeingia kwa gari yako. Hiki cha mwisho watu wengi hukisahau na kwangu mimi ni kizito sana, nitaeleza.

Lakini kwanza hakikisha ni plagi

Gari ikianza kumisi (silinda kukosa kuwaka vizuri) ukipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, ama ukiitafuta Timboroa na watu wanne ndani na gunia mbili za viazi nyuma, kila mtu anakwambia badilisha plagi. Mara nyingi wako sawa. Plagi ikichakaa pengo lake linapanuka, cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka, na mlimani ambapo injini imebeba mzigo presha ndani ya silinda iko juu, hapo ndio inashindwa. Barabara tambarare ya Ahero unaeza kuendesha usisikie kitu.

Shida ni kwamba koili mbovu pia inamisi hivyo hivyo, waya za plagi zilizopasuka pia, injekta chafu pia. Kwa Probox haina neno, unabahatisha plagi, ikikataa unafungua tena. Kwa X-Trail kubahatisha ni kutoa manifodi mara mbili. Kwa hivyo kwanza pitisha gari kwa mtu mwenye mashine ya kusoma kodi za hitilafu kutoka kwa kompyuta ya gari. P0300 ni kumisi ovyo ovyo, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo. Kama koili za gari yako zinafikika, hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke kwa silinda nyingine, futa kodi, endesha kidogo. Kodi ikihama na koili, koili ndio mbaya. Ikibaki pale pale, angalia plagi. Hiyo ni nusu saa inaeza kukuokolea siku nzima.

Kubanana si kwa aina moja

Hii ndio sehemu inayobadilisha jibu kuliko zote, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Forester na Impreza za injini ya EJ, silinda zimelala kulia na kushoto, na plagi zinachungulia pembeni zikiwa karibu kugusa chesisi. Hakuna kitu kikubwa cha kuondoa. Upande mmoja unatoa boksi la filta ya hewa, upande wa pili unatoa betri na chupa ya maji ya waipa, basi. Lakini ukishatoa hivyo, mkono bado hauna pa kugeukia. Racheti inasonga jino moja, inagonga chuma, unarudisha, jino lingine. Soketi na ekstensheni hazipiti zikiwa zimeungana, inabidi uingize soketi kwanza, halafu ekstensheni fupi, halafu racheti, kipande kwa kipande ndani ya hilo shimo. Ugumu wa hapa ni wa vidole na subira, si wa akili nyingi. Kuna mafundi wanaopendelea kulegeza nati za maunti (vishikizo vya injini) na kuinua injini kidogo na jeki ili wapate nafasi, inafanya kazi, ila mtu ambaye hajawahi asijaribu peke yake nyumbani.

X-Trail ya T31 yenye injini ya MR20, Tiida, na Note za HR15, hapo ni hadithi nyingine. Manifodi ya hewa imepita juu ya plagi, lazima itoke. Unafungua bomba la hewa, throto (mlango wa hewa ya injini), waya za sensa, maboliti, unainua manifodi, na ghafla plagi zote ziko wazi wima kama za Probox. Ugumu wa hapa si nafasi, ni kufungua vitu vingi na kuvirudisha vyote mahali pake, na gasketi ya manifodi isivute hewa baadaye. Pia mashimo manne ya kuingia kwa injini yanabaki wazi muda wote huo. Boliti moja ikidondoka humo ndani usiwashe gari, hata kama umechelewa wapi.

Harrier ya V6 imechanganya zote mbili. Tatu za mbele unazitoa ukipiga mluzi, tatu za nyuma ni ama utoe ile sehemu ya juu ya manifodi ama ufanye kazi kwa kupapasa bila kuona. Ni rahisi mtu aziache hizo za nyuma bila kuzigusa, ndio maana ukilipia plagi sita dai urudishiwe za zamani sita, na uzihesabu hapo hapo.

Pesa

Mwenyewe: kazi ni bure lakini vifaa si bure. Unahitaji racheti, ekstensheni fupi na ndefu, yunivasali jointi (kiungo kinachojikunja), soketi ya plagi yenye mpira ama sumaku ndani, na torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Ukinunua vyote kwa mara moja unaeza kutumia pesa nyingi kuliko fundi angekulipisha. Inaanza kukufaidi mara ya pili, ama kama wewe na jirani mna gari zinazotumia vifaa hivyo hivyo. Kama tayari uko na sanduku la spana na unakosa soketi tu, basi hii ndio njia ya bei ya chini kabisa.

Jua kali: kwa siku ya kwanza hii ndio bei nafuu, na mnaeza kuongea. Ila ongeeni kabla boneti haijafunguliwa, na uulize swali kamili. Usiseme "kubadilisha plagi ni ngapi?" Sema "mkubwa, kutoa manifodi, gasketi mpya, plagi nne na kurudisha kila kitu, ni ngapi?" Bei ikitajwa bila hayo itaongezeka katikati ya kazi, wakati gari yako iko wazi na hauwezi kuondoka.

Gereji: ni ghali, mara nyingi kwa mbali. Unalipia lifti, kompresa, stima, mtu wa kupokea simu, na stakabadhi. Hiyo stakabadhi ina maana, juu kama gari itaanza kuvuta hewa kwa gasketi baada ya wiki una mahali pa kurudi na karatasi mkononi. Omba wakuandikie makadirio kabla, kazi peke yake na spea peke yake.

Muda

Injini lazima iwe imepoa. Silinda hedi, ile sehemu ya injini ambamo plagi zinaingia, ni aluminiamu, ikiwa moto thredi zake ni laini, ukinyonga plagi unaeza kutoka nayo na thredi zote. Hilo si jambo la kupuuza, na linagusa kila njia.

Ukifanya mwenyewe hii inakuwa faida yako kubwa. Gari imelala usiku mzima, asubuhi ya Nakuru na ile baridi yake injini ni baridi kabisa, unaanza saa moja bila kungoja. Kisumu pia fanya asubuhi mapema, ikifika saa sita chuma inachoma hata kama gari haijawashwa. Tenga nusu siku kama ni mara yako ya kwanza na usiwe na safari mchana huo. Forester ya kwanza inaenda polepole sana upande wa kwanza, halafu upande wa pili mikono imejua njia.

Kwa jua kali fundi mwenyewe ni mwepesi, anaeza kumaliza kwa robo ya muda wako. Lakini umefika pale ukiendesha, injini inachemka, na yeye ana gari tatu zinangoja, kwa hivyo kishawishi cha kuanza ikiwa moto ni kikubwa. Iache ipoe vizuri, boneti wazi, saa nzima na zaidi, enda ukale. Ama mpe gari jioni ilale kwake kama unamwamini. Njia nyingine nzuri ambayo watu hawaitumii vya kutosha ni kumwita fundi aje nyumbani asubuhi, gari haijawashwa, unamlipa nauli juu. Kwa Kiamunyi, Lanet, Mamboleo, Milimani ya Kisumu, hiyo inawezekana kabisa.

Gereji unaacha gari asubuhi unachukua jioni. Hauna haja ya kukaa hapo, ambayo kwa mtu wa kazi ya ofisi ni kitu kikubwa, na kwa mtu wa teksi ni hasara ya siku.

Vifaa na nafasi

EJ ya Subaru na Toyota nyingi zinatumia soketi ya 16. MR20 na HR15 zinatumia plagi nyembamba ya soketi 14, na si kila soketi 14 itaingia, inatakiwa ile ya ukuta mwembamba, juu shimo lenyewe ni dogo. Usianze kutoa manifodi kabla haujashika hiyo soketi mkononi.

Nyumbani unahitaji mahali pa tambarare, pasipo upepo wa vumbi, na mwanga. Tochi ya kichwa, si simu ya kushikwa na meno. Kabla ya kutoa plagi lazima upulize uchafu ulioko kwa shimo, juu ukitoa plagi huo mchanga unaanguka moja kwa moja ndani ya silinda. Kama hauna kompresa, pampu ya baiskeli na kipande cha mpira mbele inasaidia, pole pole lakini inasaidia. Pia tafuta kipande cha mpira wa fueli kinachoshika kichwa cha plagi, utakitumia kuingizia plagi mpya, ni kifaa cha bei ndogo sana na ndicho muhimu kuliko vyote kwa injini iliyobanana.

Jua kali vifaa viko, ingawa vingine vinaazimwa kutoka kwa fundi wa tatu. Kompresa iko kwa mtu wa panchari hapo kando. Kinachokosekana mara nyingi ni torki renchi, na paa. Nakuru mwezi wa kwanza na wa pili kile kivumbi kikipiga, manifodi ya X-Trail ikiwa wazi, hiyo ni hatari ya kweli, kwa hivyo beba vitambaa visafi vya kuziba yale mashimo manne na umwombe fundi avitumie. Hatakataa. Msimu wa mvua nao unaeza kukuta mko katikati ya kazi.

Gereji nzuri ina sakafu, paa, kompresa, mwanga, na mara nyingi torki renchi. Lifti kwa Subaru inasaidia juu unafikia plagi kutoka chini pia. Kwa X-Trail lifti haiongezi kitu, kazi yote iko juu, kwa hivyo usilipe zaidi kwa sababu ya lifti.

Hatari ya kuharibu

Kitu kibaya zaidi kinachoweza kutokea ni plagi kuingia mshazari ikakata thredi za hedi. Kwa gari ya kawaida inatengenezwa na helikoili, yaani shimo linatobolewa na kuwekwa thredi mpya ya chuma. Kwa Subaru, huko pembeni hakuna nafasi ya kutoboa, unaeza kuambiwa injini ishuke. Kinga yake ni moja: plagi mpya inaanza kwa vidole ama kwa ule mpira, inazunguka mizunguko kadhaa bila nguvu yoyote, na ikikwama unaitoa unaanza upya. Racheti haigusi plagi mpaka ikae chini. Anayeanza na racheti, awe ni wewe ama ni fundi wa miaka ishirini, anacheza na hedi yako.

Ya pili ni kukaza kupita kiasi. Plagi za thredi ya milimita 14 kwa hedi ya aluminiamu zinataka kama newton mita 25 hadi 30. Za milimita 12, kama hizo za MR20, zinataka 15 hadi 20 tu. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko mtu anavyodhani, na plagi nyembamba ikinyongwa inakatika shingo. Bila torki renchi, fuata maelezo kwa boksi ya plagi, huwa wamechora ni kiasi gani cha mzunguko baada ya plagi kugusa chini. Na ile grisi ya kuzuia kutu kwa thredi, usipake kwa plagi mpya zenye rangi ya fedha kwa thredi. NGK wenyewe wanasema hazihitaji, na ukipaka inateleza unakaza zaidi bila kujua.

Ya tatu ni kauri kupasuka. Soketi ikikaa mshazari kwa ile nafasi ndogo, ile nyeupe inapata ufa mwembamba ambao hauuoni, gari inatoka hapo ikimisi na unaanza kulaumu koili. Plagi iliyoanguka sakafuni pia, hata ikionekana nzima, usiiweke kwa injini ambayo itachukua nusu siku kuifikia tena.

Sasa nani ana hatari gani? Mwenyewe, hatari yako ni kutojua, yaani kutosikia plagi ikianza vibaya, kuvunja klipu za koili ambazo kwa gari zilizozeeka zimekauka na joto, kusahau sensa. Faida yako ni kwamba hauna haraka na hakuna mtu anajali hiyo gari kukushinda. Fundi wa jua kali, wengi wao mikono yao ni mizuri ajabu, wanasikia thredi kwa vidole kuliko mashine, hatari yao ni haraka na kukaza kwa nguvu ya bega. Kuna njia rahisi ya kumpima kabla. Muulize, "fundi, hii X-Trail utafikiaje plagi?" Akisema mara moja manifodi lazima itoke, na akataja gasketi bila wewe kumkumbusha, huyo ameshaifanya. Akisema tutaona tukifungua, mshukuru uende kwa mwingine. Gereji hatari yake ni tofauti: haujui ni nani ameshika gari, anaeza kuwa fundi mkuu ama kijana wa atachimenti, na hauko hapo kuona. Uliza nani atafanya.

Baada ya manifodi ya Nissan kurudi, gari inaeza kuwa na sailensa isiyotulia, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama unapanda na kushuka. Saa ingine ni gasketi inavuta hewa, saa ingine ni throto inahitaji kufundishwa upya kiwango chake cha hewa, kitu ambacho gereji yenye mashine inafanya haraka. Jua kali wengine wanajua kuifanya na pedeli ya mafuta. Uliza mapema.

Utajua plagi gani imeingia?

Hapa njia ya kufanya mwenyewe iko mbele sana, nasema wazi. Umenunua, umefungua boksi, umeingiza. Kwa njia zingine mbili, ukiachia fundi anunue, unategemea uaminifu wake na wa duka alilotumwa. Plagi feki za NGK na Denso ziko sokoni na zimefungwa vizuri. Angalia ile ringi ya chuma kwa thredi, kwa ile halisi haitoki kirahisi na vidole. Angalia ncha ya katikati kama imekaa katikati kweli, maandishi kwa kauri kama yako sawa, na namba ilingane na ile ya kitabu cha gari, si ile muuzaji anasema inaingiliana. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, kuna sababu.

Kwa hivyo hata ukienda jua kali ama gereji, nunua plagi mwenyewe. Fundi mzuri hachukii. Gereji zingine zitakataa kudhamini kazi yenye spea uliyoleta, na wana haki yao, basi omba boksi tupu na plagi za zamani zikiwa zimepangwa kwa namba ya silinda. Hizo za zamani zinaongea. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu, mafuta ni mengi kupita kiasi kwa hewa inayoingia. Nyeupe yenye malengelenge, silinda inachemka kupita kiasi. Ikiwa na oili kwa juu, upande wa koili, sili za kava ya valvu zinavuja, na hiyo ni kazi ya kufanya sasa wakati kila kitu kimefunguliwa.

Na nikeli ama iridium? Nikeli, ile watu wanaita ya kawaida, inakaa kama kilomita 20,000 hadi 40,000. Iridium inaeza kufika 100,000. Iridium moja inaeza kuzidi bei ya nikeli mbili, tatu, hata seti nzima. Kwa Probox mtu anaeza kubishana. Kwa injini ambayo kuifikia ni nusu siku, piga hesabu ya kilomita zako. Mtu wa teksi anayekula kilomita 40,000 kwa mwaka, nikeli itamfungulisha manifodi kila mwaka, iridium ni baada ya miaka miwili na nusu hivi, haina mjadala. Lakini mwalimu anayeendesha kilomita 8,000 kwa mwaka, shule na kanisa na mazishi ya mara moja moja huko Siaya, nikeli nzuri itamfikisha miaka mitatu na zaidi, na hakuna ubaya kuchagua hivyo kama mtengenezaji wa gari anairuhusu kwa injini hiyo. Kiwango cha joto cha plagi (uwezo wake wa kutoa joto, kiko ndani ya namba yake) ndicho hakichezewi. Na iridium usijaribu kurekebisha pengo lake kwa kile kipimo cha pengo chenye umbo la sarafu, ile ncha ni nyembamba inavunjika.

Kwa hali yako

Una Forester ya EJ, una Jumamosi tupu, una spana tayari na unapenda kujua gari yako: fanya mwenyewe. Subaru inaonekana ya kutisha lakini si rahisi kuharibu kitu ukiwa na subira na ule mpira wa fueli. Anza na upande wa boksi la filta. Ukikwama upande wa betri, umebakisha plagi mbili, unaeza kumwita fundi amalizie.

Una Forester lakini mgongo ama mikono haikubali kuinama kwa saa tatu, ama unaishi ploti ambayo hakuna mahali pa kufungua gari: fundi wa jua kali anayejulikana kwa Subaru, si fundi yeyote. Nakuru na Kisumu wote wako, waulize wenye Subaru wenzako. Plagi yako mkononi, gari imepoa, na wewe ukiwa hapo.

Una X-Trail, Tiida ama Note na haujawahi kutoa manifodi: mara ya kwanza usifanye peke yako. Jua kali aliyejibu lile swali vizuri, ama gereji. Kama gari ina shida ya sailensa pia, gereji yenye mashine inakuwa na maana zaidi juu utahitaji throto ifundishwe. Kama umewahi kufungua injini na una mahali pasafi pa kufanyia, inawezekana nyumbani, piga picha kila hatua kabla ya kufungua na uziweke boliti kwa vikombe tofauti.

Una Harrier ya V6: tatu za mbele unaeza mwenyewe, tatu za nyuma lipa mtu. Lakini usigawanye kazi kwa miezi, badilisha zote sita siku moja.

Gari ni ya kazi, kila siku iliyolala ni pesa: fundi wa kuja nyumbani alfajiri ndiye anakufaa, na iridium. Kwa Forester unaeza kuwa barabarani kabla ya saa nne.

Gari umeinunua juzi kutoka Japani na haujui historia yake, odometa inasoma 90,000 hivi: hii ningepeleka gereji mara hii moja, hata kama baadaye utafanya mwenyewe. Kuna uwezekano mkubwa plagi ni zile za kiwandani, zimekaa miaka saba ama nane na zimeshikana na hedi. Zikikataa kutoka, mtu mwenye vifaa na uvumilivu wa kuzipulizia dawa ya kulegeza, kungoja, kurudi nyuma robo mzunguko na mbele tena, ndiye unamtaka pale.

Na kama uko peke yako nyumbani, umeanza, plagi imesonga kidogo halafu imekuwa ngumu ghafla: usiongeze nguvu. Irudishe ndani, pulizia dawa, iache masaa kadhaa, jaribu tena. Ikibaki hivyo hivyo, rudisha koili, rudisha betri, na uendeshe pole pole mpaka kwa fundi. Kuendesha na plagi iliyochakaa kwa kilomita chache hakutaua gari, mradi haimisi mfululizo, juu mafuta yasiyoungua yakienda kwa ekzosi kwa muda yanaharibu katalisti (kisafisha moshi). Ikiwa inamisi kila wakati, ama plagi imekatika, usiwashe, vuta.